Nankatai za Bibi Sikujua

Kila Jumamosi, baada ya kufagia ua na kumwogesha mdogo wake, Hadidja alikwenda kwa Mama Zarina, mke wa Mhindi mwenye duka ukingoni mwa mtaa wao wa Kisangani. Alifuatana na jirani yake Georgette, ambaye baba yake alikuwa mchochea moto katika meli iendayo Yanonge. Mwaka ule wa 1956, wasichana hao wenye umri wa miaka kumi na mmoja walikuwa wakijifunza kupika nankatai, biskuti za Kihindi za unga, sukari, samli na iliki, ambazo huyeyuka mdomoni kabla ya kutafunwa.

Jumamosi moja Hadidja alikwenda na neno zito moyoni. Bibi yake Sikujua alikuwa ametoka hospitali majuzi, hana meno wala hamu ya chakula. Uji aliukataa, na samaki vilevile. Kitu kimoja tu alikitamani, nacho ni nankatai.

"Basi leo mtampikia nyinyi wenyewe," alisema Mama Zarina. "Georgette, shika moto. Hadidja, shika unga. Sugua samli na sukari kwa kiganja mpaka ziwe nyeupe pepe. Na maji, mwanangu?"

"Hata tone, Mama."

Mama Zarina akaenda dukani. Georgette akatoka uani kupanga makaa, mengine chini ya sufuria, mengine juu ya kifuniko. Hadidja akasugua, akasugua, hata mkono ukamwuma. Samli ilikuwa ingali ya manjano alipotia unga, na donge likamomonyoka vidoleni. Kwao, unga wa maandazi ukikataa kushikana huongezwa maji. Akatazama mlangoni, kisha akatia nusu kikombe. Donge likashikana vizuri ajabu.

Alasiri wote watatu walimpelekea Bibi sahani. Bibi akatia biskuti mdomoni, akaimung'unya huku, akaimung'unya kule, mwisho akaitema kiganjani.

"Wajukuu zangu, nimeomba biskuti, mmeniletea kokoto za mtoni!"

Alicheka, lakini akajilaza na kugeukia ukuta.

"Nani ameziharibu?" aliuliza Mama Zarina.

"Georgette," Hadidja akajibu upesi. "Moto wake ulikuwa mkali."

"Mimi? Hadidja, ni mimi?"

Hadidja alitazama miguu yake.

"Bon, sawa," Georgette akasema. "Kama ni mimi, basi sirudi tena." Akaondoka bila kuaga.

Kesho yake Bibi hakunywa ila chai. Hadidja alipokwenda bombani alimkuta Georgette, ambaye siku zote alisaidiana naye kutwishana ndoo. Georgette alijitwisha mwenyewe, maji yakamwagikia gauni, akapita kama anayepita karibu na mti. Hadidja aliacha ndoo pale pale, akakimbia mpaka kwa Mama Zarina.

"Mama, nilitia maji. Nilichoka kusugua. Georgette hakukosa kitu."

Mama Zarina akamfuta machozi kwa ncha ya mtandio wake.

"Unga nitakupa mwingine. Lakini jina la Georgette ulilichafua mbele yangu na mbele ya bibi yako. Nenda ukalisafishe mbele yetu sote."

Hadidja alikwenda kwa Georgette, akamsihi mpaka akakubali kuja. Mbele ya kitanda cha Bibi, Mama Zarina naye akiwapo, Hadidja alisema yote, hakuficha hata kikombe.

Georgette alimkazia macho. "Moto wangu mkali, eh? Mtoto wa mchochea moto!"

"Nisamehe, dada."

"Nimekusamehe. Lakini leo utasugua, nami nitasimama hapo hapo nikikutazama."

Jikoni kwa Mama Zarina, Hadidja alisugua mpaka samli ikawa nyeupe kama pamba. Mara mbili mkono ulimshinda, na mara mbili Georgette alimpokea. Nankatai zilipoiva wakampelekea Bibi Sikujua, naye akaketi, akala moja, akala ya pili, akanyoosha mkono kutaka ya tatu.

"Sikilizeni," alisema, makombo yakiwa kidevuni. "Kuchoka si aibu. Anayechoka husema, naye husaidiwa. Lakini anayeficha kosa lake kwa jina la mwenziwe, kosa linabaki lilelile, na mwenzi anampoteza. Haya, sogezeni sahani, nanyi mle."