Kutu ya Burma

Mwalimu Cornelius Amalemba alikutwa amelala kifudifudi sebuleni kwake, mtaa wa Milimani mjini Kakamega, kisogo kimepasuka. Ukutani na kwenye kabati la kioo kulikuwa na panga za Kijapani, ndefu, zimepinda kidogo. Hakuna hata mmoja uliokuwa na damu.

"Nyumba imejaa panga, afande," alisema Konstebo Eugene, "halafu muuaji anachagua kigoda?"

"Hakuchagua," alijibu Inspekta Jescah Mideva. "Alishika kilichokuwa karibu."

Kigoda kilikuwa kando ya ukuta, kimeoshwa. Sakafu nayo ilipigwa deki vizuri kumzunguka marehemu. Mtaalamu wa alama za vidole alifunga mkoba wake bila kupata kitu.

Mezani, juu ya kitambaa cheupe, kulikuwa na upanga uliovuliwa mpini. Kabati la kioo lilikuwa wazi, ufunguo unaning'inia. Ndani kulikuwa na nafasi moja tupu, imepanguswa vumbi.

Mjane, Sylvia, alikuwa amerudi asubuhi hiyo kutoka kwenye kongamano la akina mama wa kanisa.

"Kimeibwa nini, mama?" Jescah alimuuliza.

"Hakuna kilichoibwa. Vimeongezeka. Huo upanga wa mezani si wetu. Na kuna kuku jikoni."

Jescah alikwenda kutazama. Alikuta jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya katani.

"Ingokho mzima!" alisema Eugene. "Huyu mgeni ana adabu."

"Ana shida," alisema Jescah. "Mwizi haji na jogoo."

Sylvia alieleza. Mumewe alikuwa akizunguka vijijini kutafuta panga zilizoletwa na askari wetu waliopigana na Wajapani kule Burma, katika Vita vya Pili vya Dunia. Aliyekuwa hapatani naye ni mmoja tu, Titus Kipyegon wa Eldoret, mkusanyaji kama yeye.

Titus aliitwa kituoni, akaja amevaa suti.

"Jumamosi, siku aliyouawa Mwalimu, ulikuwa wapi?"

"Iten, nasimamia harusi. Video iko. Mnisamehe, nimenona sana humo."

Jescah aliisukuma picha ya maiti mbele yake. Titus aliitazama, akairudisha. Kisha Jescah akaufunua upanga. Titus alipoona msuka, ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini, alishika kichwa.

"Nani amefanya ushenzi huu?"

"Ushenzi gani?"

"Msuka umesuguliwa! Hausuguliwi, madam! Ile kutu nyeusi ndiyo cheti cha kuzaliwa cha upanga. Na hapa palikuwa na jina la mhunzi. Ona, limebaki kama kivuli."

"Kwa maiti hukushtuka hivi."

"Cornelius alininyang'anya panga nilizotafuta miaka. Huu haujamkosea mtu."

"Kwa hiyo sasa ni chuma chakavu?"

Titus aliuelekeza dirishani. "Hapana. Tazama makali. Unaona huo ukungu, kama mawimbi? Ulifuliwa kwa mkono, ukapakwa udongo kabla ya kupozwa majini. Zile za kiwandani za wakati wa vita hazina hii. Huu ni wa karne nyingi. Aliyesugua ameharibu sura yake, si ukweli wake."

"Cornelius angeona hayo?"

"Kabla hajakaa chini."

Titus alipoondoka, Jescah aliingiza kidole ndani ya mpini. Kilitoka na majivu. Kwa Mwalimu walipikia gesi. Upanga ulitoka kwenye nyumba ya kuni, nyumba ambayo vyombo husuguliwa kwa majivu mpaka vinang'aa. Na aliyesugua upanga ndiye aliyesugua kigoda na sakafu.

Stejini, mwendesha boda alikumbuka haraka. "Mama wa Shinyalu. Jogoo wake alinidonoa mgongo njia nzima! Na alikuwa na mzigo mrefu kwa leso. Nikamuuliza, mama, hiyo ni bunduki? Akaniambia ni heshima ya baba yake."

Walimkuta mama huyo, Navalayo, uani kwake, anaosha sufuria. Zilizokwisha oshwa zilipangwa juani, zinaumiza macho.

"Karibuni. Niwatilie chai?"

"Jogoo wako bado yuko hai, Navalayo," alisema Jescah.

Navalayo aliweka sufuria chini. "Amepewa maji?"

"Amepewa. Kwa nini ulimpelekea Mwalimu?"

"Ungeenda mikono mitupu kwa mtu unayemwomba kitu?"

"Ulimwomba nini?"

Alifuta mikono kwa kanga, kidole kimoja kimoja.

"Baba yangu, Mzee Shivachi, yuko Iguhu hospitali. Hatarudi. Wazee wa ukoo wamesema akizikwa hatafanyiwa shilembe, ile heshima ya shujaa. Mafahali wanaendeshwa kwa kaburi la mpiganaji, na yeye ati alipikianga wazungu tu huko Burma. Ati upanga aliununua sokoni Kisumu. Maisha yake yote wamemcheka. Nikasikia kuna mwalimu anajua panga. Nikataka aje aseme mbele yao."

"Ukausugua."

"Ulikuwa na kutu, mama! Ningempelekea mwalimu kitu kichafu? Nilitoa hata mpini, nikasugua kwa majivu na msasa. Sikulala vizuri kwa furaha."

"Akasemaje?"

"Alivua mpini, akautazama sana. Halafu akasema ni bati la kiwandani. Akasema hata kama lilikuwa na maana, mimi ndiye nimeliua. 'Wewe ndiye umemnyima baba yako mafahali, kwa msasa wako.' Nikapiga magoti. Nikamwambia, basi sema tu, hata kama si kweli, mzee anakufa. Akasema yeye hasemi uongo. Niuache hapo, atautupa. Akageuka, akafungua kabati lake, akapangusa vumbi ndani."

"Ndipo ukashika kigoda."

"Ndipo nikashika kigoda." Sauti yake haikupanda. "Halafu nikaona damu imetapakaa kwa nyumba ya watu. Nikatafuta ndoo."

"Mbona uliuacha upanga?"

"Ningeupeleka wapi? Si ulikuwa bati?"

"Navalayo, alikuwa ameupangusia nafasi ndani ya lile kabati. Bati haliwekwi kwenye kioo. Ulikuwa wa kweli. Wa kale kabisa. Na yeye alijua."

Navalayo alimtazama kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha ya mbali.

"Kwa hiyo wazee watakubali?"

Jescah alimwomba namba yao, akasogea kando, akawapigia simu. Walijibu kwamba boma lililomwaga damu ya mwalimu wa watu haliendeshewi mafahali, iwe mzee alipigana au hakupigana.

"Hawatakubali," alisema. Hakuona faida ya kumpaka mafuta. "Nyoosha mikono."

Jioni alipitia Iguhu mwenyewe. Mzee Shivachi alikuwa mwepesi kitandani kama nguo iliyoanikwa. Jescah aliinama.

"Mzee, nimetoka kwa wataalamu. Upanga wako ni wa kweli."

"Najua," alisema mzee. "Nilikuwa huko. Nani alikutuma kuuliza?"

"Navalayo."

"Yuko wapi? Mwambie aje anigeuze. Hawa wengine hawajui upande unaouma."