Kioo cha Jeneza la Hilda

Kitu cha mwisho cha kawaida alichofanya Odilo siku ile kilikuwa kumenya kiazi. Viazi vilikuwa vya moto, vimechemshwa na maganda yake, na yeye na Enoki, mpiga picha wake, walikuwa wakivila kwa chumvi na chai ya rangi mbele ya kompyuta, kwenye chumba chao cha kuhariria video pale Makambako. Nje, malori ya kwenda Songea yalipunguza mwendo, yakapiga honi, yakapita.

"Dairekta," Enoki alisema, mdomo umejaa, "kamera tumebadilisha mara ngapi? Lakini kiazi ni kilekile."

"Kamera hailiwi."

"Ndiyo shida yake kubwa."

Odilo alicheka. Majirani wa chumba kile, ambao ndio waliosimulia mengi ya habari hii, wanasema hawajamsikia akicheka tena.

Kazi iliyokuwa kwenye kompyuta ilikuwa video ya mazishi ya mke wake. Kesho yake ukoo wa Hilda ulikuwa unaweka msalaba kwenye kaburi lake, kijijini kwao, karibu na misheni, mbele ya Njombe mjini. Laurenti, kaka yake Hilda, alikuwa amepiga simu akitaka ndugu wote waitazame video hiyo jioni ya kuamkia misa.

"Tena nzima, shemeji," alisema. "Wewe ni mtu wa kukatakata. Hii usiikate."

Sababu ya kusema hivyo ilijulikana. Odilo aliishi kwa kupiga picha za harusi, kipaimara na misiba, lakini moyo wake ulikuwa kwenye filamu yake mwenyewe, aliyoiandika, akaiongoza na kuigharimia. Hilda ndiye aliyeigiza mke anayefariki. Tukio la jeneza walilipiga nje, asubuhi ya Juni, kwenye baridi ya Njombe, na kila walipoanza, mvuke ulimtoka Hilda puani. Maiti inayofuka mvuke. Waigizaji wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. Odilo hakucheka. Alimpa mkewe vipande vya barafu avinyonye hadi mdomo upoe, akamfundisha kupumua kwa tumbo, kidogo kidogo, kwa chini kabisa, mpaka hata yeye aliyekuwa nyuma ya lenzi asione kifua kikipanda. Hilda alijifunza vizuri kuliko alivyofundishwa.

Filamu haikufika mwisho. Jioni moja Hilda alishikwa na homa, na alfajiri hakuamka. Mhudumu wa afya aliyeitwa nyumbani alimshika mkono, akaweka kiganja mbele ya pua yake, akakaa hivyo kwa muda, kisha akatikisa kichwa. Siku ileile ndugu zake wakaja na gari. Walikataa katakata azikwe Makambako.

"Ulimfundisha mwanangu kufa," mama mkwe wake, Teodora, alimwambia mbele ya waombolezaji. "Haya. Amefuzu."

Tangu hapo kijijini kwao Hilda hawakumtaja Odilo kwa jina. Walisema ni mchawi. Walisema Hilda hakufa bali amechukuliwa msukule, kwamba kilichozikwa ni kiini macho, na mwenyewe yu hai mahali fulani, anatumikishwa na mumewe ndani ya zile mashine.

Odilo alikuwa amesoma chuo kikuu, na mambo ya misukule hakuyaamini. Alichotaka kilikuwa kimoja tu. Ukoo umwone Hilda alivyoagwa na alivyozikwa, kwa picha safi isiyobakiza shaka, ili wamwache amlilie mke wake kama wanaume wengine wanavyowalilia wake zao.

Tatizo ni kwamba picha haikuwa safi. Enoki aliyapiga mazishi yale kwa kamera yao ya zamani. Kanisani mwanga ulikuwa hafifu, akapandisha ISO, uwezo wa kamera kunasa mwanga, mpaka mwisho, na kamera ile ikipandishwa hivyo inajaza chenga kila mahali. Mwaka mzima Odilo hakuwa na nguvu ya kuigusa kadi ya kamera yenye picha zile. Sasa alikuwa na programu mpya ya kusafishia picha, na asubuhi ile alimweleza Enoki inavyofanya kazi, kwa sauti yake ya taratibu.

"Inalinganisha fremu moja na zilizo jirani yake. Chenga hazirudi mahali pamoja, zinaruka ovyo. Kitu cha kweli kinarudi. Basi inafuta kisichorudi, inabakiza kinachorudi."

Kompyuta ilisaga kazi hiyo hadi viazi vikapoa. Kisha ikatulia.

Wakaitazama. Padri alionekana, na nyuzi za dhahabu kwenye vazi lake zikihesabika. Kwaya ilionekana. Foleni ya kuaga ilipita, wanawake wamejifunga khanga vichwani. Kisha jeneza, na kile kioo kidogo cha kumwonea marehemu uso, na nyuma yake Hilda.

"Imetakata," Enoki alisema. "Yaani mpaka kope."

Halafu akaisogelea skrini.

Juu ya mdomo wa Hilda, kwenye kioo, palikuwa na ukungu. Duara dogo. Wakati wanaliangalia, likapungua. Likaisha. Kioo kikawa safi.

Likarudi.

"Ni chenga," Enoki alinong'ona.

"Chenga hazirudi."

Odilo alirudisha nyuma, akatazama tena. Alijaribu kufikiri kama mtu aliyesoma. Walimwosha kwa maji ya moto. Mbao za jeneza zilikuwa mbichi. Kanisa lilikuwa baridi. Mvuke lazima utande kwenye kioo, hilo halina uchawi. Lakini mvuke wa maji ukitanda unakaa. Huu haukukaa. Ulikuja ukaenda. Taratibu. Kidogo kidogo. Kwa chini kabisa.

Akaongeza sauti. Kwaya ilikuwa ikiimba, na nyuma ya kwaya, karibu na kipaza sauti cha kamera, mwanamume alisema kwa sauti ya kazi, isiyo na wasiwasi wowote:

"Enoki, badili pembe. Kioo kina ukungu."

Picha ikasogea kushoto. Uso wa Hilda ukatoka kwenye fremu.

Sauti ile ilikuwa yake.

Sasa alikumbuka. Alikuwa amesimama nyuma ya Enoki, anatazama si jeneza bali skrini ya kamera, kwa sababu skrini ilikuwa ndogo na kilichokuwa ndani yake kilivumilika. Aliuona ukungu. Aliuona kama anavyouona kwenye harusi za Julai, kasoro ya picha, kitu cha kukwepa. Na akaukwepa. Kisha watu wakalibeba jeneza wakalipeleka shimoni.

"Dairekta," Enoki alisema, amekwisha kusimama, mgongo wake umegusa mlango. "Tusiende."

"Tusipoenda watasema nini?"

"Waache waseme. Mimi ndiye nilishika kamera. Mimi siendi."

Alitoka, akaiacha chai yake mezani. Odilo alibaki peke yake na mkewe. Alimtazama akija na kwenda kwenye kioo, akaja, akaenda. Kisha akakikata kipande kile. Aliunganisha kwaya na udongo wa kaburini, akalainisha sauti ili wimbo usiruke, na kiungo hakikuonekana, kwa maana alikuwa fundi wa kweli. Video ya asili akaifuta kwenye kompyuta. Akaifuta na kwenye kadi.

Alifika kijijini jua likiwa bado juu ya misonobari. Sebule ya wakwe zake ilikuwa imejaa.

"Kamwene, mama," alimsalimu Teodora kwa Kibena chao.

Mama mkwe hakuitika. Laurenti ndiye aliyenyoosha mkono, si kusalimia, bali kupokea flashi yenye video.

"Shemeji, umemleta dada yetu mfukoni?"

Watu wawili watatu walicheka, kicheko cha puani. Hakuna aliyempisha Odilo kiti. Alisimama karibu na mlango wakati runinga ikionyesha padri, kwaya, kisha udongo ukianguka. Hakuna aliyelia. Walitazama kama watu wanaokagua mzigo.

"Rudisha," Teodora alisema.

Laurenti akarudisha.

"Hapo. Kwaya imekwisha, kaburi limeanza. Sisi tulimuaga saa ngapi?"

"Pale picha iliharibika, mama," Odilo alisema.

"Iliharibika kwa nini?"

"Ukungu."

Hakuwa amepanga kusema hivyo. Neno lilitoka lenyewe, kwa sauti ileile ya kazi. Sebule nzima ikamgeukia.

Teodora alinyanyuka taratibu, akaja mpaka alipo, akasimama karibu kiasi kwamba Odilo alisikia harufu ya moshi kwenye khanga yake. Alizungumza kwa kunong'ona, kama mtu anayeungama.

"Mimi nilisimama kichwani pake. Niliuona. Nikajiambia, Teodora, ni machozi yako yanakudanganya." Akapumua. "Wewe ulikuwa na mashine, mkwe. Mashine hailii. Uliona nini?"

"Sikuona kitu, mama."

"Hukuona."

"Sikuona."

"Basi vizuri. Kesho kabla padri hajafika, nitalala juu ya lile kaburi niweke sikio. Siogopi kuchekwa. Nikisikia kitu, Laurenti anajua la kukufanya."

Laurenti alichomoa flashi, akaifuta kwenye suruali, akaitia mfukoni mwake.

Odilo hakupewa maji ya kunawa, wala hakuitwa kula. Alilala ndani ya gari, akiwa amefunga milango.

Kulipoanza kupambazuka alishuka, akaenda makaburini. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Umande ulikuwa umeganda, na nyasi za makaburi yote zilikuwa nyeupe, zinalia chini ya viatu. Kando ya kaburi la Hilda kulikuwa na msalaba mpya, umelazwa, na majembe ya kuchimbia tundu lake. Kaburi nalo lilikuwa jeupe, toka miguuni hadi kifuani.

Kichwani hapakuwa peupe.

Palikuwa na duara. Dogo, la ukubwa wa kisahani. Ndani yake nyasi zilikuwa za kijani na mbichi, zimelowa. Odilo aliliangalia. Weupe ukaanza kuingia kutoka pembeni. Ukaingia. Ukafunga. Duara likaisha.

Kisha likafunguka tena.

Alisimama pale mpaka vidole vikafa ganzi. Majembe yalikuwa palepale. Udongo wa kaburi ambalo halijajengewa hauna ugumu. Angeweza kuita, na kutoka nyumba ya kwanza wangemsikia. Lakini alijua swali la kwanza watakalomuuliza. Hawatamuuliza kuna nini humo. Watamuuliza aliona lini. Na jibu la swali hilo lilikuwa kwa sauti yake mwenyewe, na Enoki aliisikia.

Mlango ukafunguliwa kwenye nyumba ya wakwe zake. Mtu akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha Teodora.

Odilo akapiga magoti. Aling'oa nyasi zilizoganda kwenye kaburi la jirani, akazipanga juu ya duara, akielekeza majani upande uleule yanakolala mengine, ili kiungo kisionekane. Kwa kitambo kidogo palikuwa safi. Kaburi jeupe kama mengine yote.

Zikayeyuka.

Akang'oa nyingine. Zikayeyuka. Akang'oa nyingine, kwa mikono miwili sasa, kucha zimejaa udongo. Nyayo zilikuwa zimeingia kwenye njia ya makaburini, zikivunja umande hatua kwa hatua. Nyayo za mtu mzima, mzito, asiye na haraka.

Odilo akajilaza kifudifudi juu ya kaburi, kifua chake juu ya pale mahali, mikono ameitandaza. Udongo wote ulikuwa barafu. Tumbo lake lilikuwa barafu, na mapaja, na shavu. Chini ya kifua tu palikuwa na joto. Joto likaja. Likaenda. Likaja.

"Mkwe," Teodora aliita kutoka kwenye njia. "Ni wewe? Nyamaza basi. Nyamaza, niweke sikio."

Odilo akafungua mdomo, akalia kwa sauti kubwa kuliko zote alizowahi kulia, na kila mama mkwe alipomwomba anyamaze, akaongeza.