Kadi ya Mwisho katika Kipindi cha Roki

Haya yalimpata Mukansanga wa Nzahaha, tuliyesoma naye, na tangu anisimulie, mimi redio yangu naizima kabla jioni haijaingia.

Alikuwa na siku tano tu tangu ajifungue. Mama mkwe alipokwenda shambani, akamkumbatia mtoto kifuani akashuka dukani kwa Papa Muderhwa kutafuta betri, maana siku hiyo redio ilikuwa inafunga kabisa kipindi cha roki ya zamani, na marehemu mume wake, Gad, alipokuwa hai, kila Jumamosi alimtumia humo kadi ya salamu.

"Maman, lala na mtoto," Muderhwa akamtania. "Batoto ba leo habatake tena magita ya bazee."

"Nisikilize mara hii tu, Papa. Kisha Gad habatamutaja tena popote."

Mvua ikamkuta mlangoni kwake. Nyumba ikawa giza mchana ule ule, mabati yakivuma, akapapasa akatia betri. Magita yakalia kwa mbali, naye akalia nayo. Halafu mtangazaji akasema imebaki kadi moja, imeletwa asubuhi.

"Inatoka kwa Gad wa Nzahaha. Anamsalimu mkewe Mukansanga, anasema asilie. Na anamsalimu binti yake, Isimbi."

Gad alizikwa mimba ikiwa na miezi minne, hakujua hata kama ni msichana. Na jina hutolewa siku ya nane. Hilo la Isimbi, Mukansanga alilichagua njiani akitoka dukani, akalificha moyoni, hata mtoto mwenyewe hakumnong'oneza.