Mafuta ya Eda

Walikutana kwenye foleni ya sabuni, pale duka la ushirika Kibiti, mwaka ambao nchi nzima ilikuwa imepauka. Sabuni hakuna, mafuta hakuna, na kanga mpya ukiiona ujue mwenyewe ana shemeji bandarini. Watu walikuwa wamebanana tangu alfajiri, viwiko na magoti vimekuwa vyeupe utadhani vimepakwa unga, na katikati yao alisimama msichana mmoja wa Mtawanya, kanga yake imefifia maua, shingo na mikono inang'aa kama mtu asiyehusika na shida za taifa. Nyuma yake alikuwa Mrisho, kijana mwenye shati la kuazima, na tangu afike hakuutazama tena mlango wa duka.

"Dada," alisema, "hayo mafuta umeyapata duka gani, na sisi tukapange foleni huko?"

Mwanahalima hakugeuka. "Duka la mama yangu. Hawauzii wavulana."

"Basi kamwambie nakuja kununua ya jumla."

Hapo akageuka, akacheka, na foleni ikawa fupi ghafla kwa wote wawili. Mafuta yenyewe yalikuwa ya ufuta na nazi, mama yake aliyatengeneza uani kwa mikono yake. Mwaka haukuisha, Mwanahalima akaolewa. Mrisho alikuwa akimwambia kwamba anaweza kumtambua kwa harufu hata akifumba macho, na alimaanisha. Tusimwonee, siku zile alimpenda kweli.

Kisha ikaja ruksa, bidhaa za nje zikaruhusiwa. Maduka yakajaa mpaka vibarazani, redio, viatu, vitambaa, vipodozi vya kila namna. Mrisho aliyekuwa akiuza chumvi na viberiti akafungua duka kubwa karibu na stendi, mahali mabasi ya kusini yanaposimama, akatundika kioo kirefu ukutani na kuvaa saa ya rangi ya dhahabu. Bidhaa iliyomtajirisha ilikuwa krimu ya kurudisha ujana. Ililetwa kwa maboksi kutoka Dar es Salaam, na juu ya kopo palikuwa na picha ya mwanamke ambaye huenda hajawahi kukaa juani maisha yake yote. Maelezo yaliahidi kufuta makunyanzi na kuleta ngozi mpya.

"Mke wa mwenye duka ndiye tangazo la duka," Mrisho alimwambia mkewe, akimwekea kopo mkononi. "Achana na ufuta, Mwana. Wateja watasema tunapika biskuti humu."

Mwanahalima alikuwa na miaka thelathini na tatu. Makunyanzi yenyewe alikuwa nayo mawili, pembeni mwa macho, na aliyapata kwa kucheka na huyo huyo Mrisho. Lakini alipaka, asubuhi na jioni, na alisema asante. Baadaye, katika yote yaliyotokea, hiyo asante ndiyo iliyomuuma kuliko kitu chochote.

Mwanzoni uso uling'aa. Kisha ukaanza kuwasha, ukachubuka, na jua la Kibiti likamalizia kazi. Mashavu yaliota mabaka meusi, ngozi ikawa inambanduka kama ya kitunguu. Eufrasia, muuguzi aliyehamia kutoka Songea, alimtazama akasikitika. Alimweleza kwamba krimu ile ina dawa kali inayotoa ngozi ya juu kabla ya wakati wake, na akamsihi aache siku hiyo hiyo. Mwanahalima alirudi nyumbani na habari hiyo akitegemea pole.

Hakuipata. Wateja walishaanza kunong'ona, mmoja alirudisha kopo, na Mrisho alikuwa amechanganyikiwa. Alimwambia mkewe asionekane tena upande wa duka. Mwanahalima akajibu kwamba uso anaotaka kuuficha ameununua yeye Mrisho mwenyewe. Maneno yakapanda, majirani wawili wakaingia kuamua, na mbele yao Mrisho akasema, "Tatizo si krimu. Umezeeka, basi. Nimekuacha talaka moja."

Talaka moja ni talaka rejea. Mke anakaa eda nyumbani kwa mume, na mume akitamka tu kwamba amemrejea, kabla eda haijaisha, ndoa imesimama pale pale. Haihitaji mahari wala haimhitaji mke kuitikia. Mwanahalima alilijua hilo alipokuwa akihamishia godoro lake chumbani kwa mama mkwe, Mama Fatu. Aliapa moyoni kwamba Mrisho atamtamani mpaka akose usingizi, na siku atakapofungua mdomo kumrejea, awe amechelewa. Akifungua mapema, kisasi kimekwisha na yeye ni mke wa mtu aliyemwambia amezeeka, bila hata kuombwa radhi.

Makopo aliyatupa chooni. Mama Fatu akaagiza ufuta kwa ndugu zake wa Mahege, nazi zikaja kwa gunia, na uani kukaanza kazi. Mwanahalima alikuna nazi, akakamua tui, akaliacha lilale, asubuhi akalichemsha kwa moto mdogo mpaka mafuta yakajitenga. Ufuta aliukaanga kidogo, akautwanga, akaukanda kwa maji ya moto. Alijipaka na kukaa kivulini. Hakufanya haraka.

"Yataondoa makunyanzi, mama?" aliuliza siku moja.

Mama Fatu alicheka mpaka akashika ubavu. "Mwanangu, mimi nimepakwa haya tangu nazaliwa, na makunyanzi si haya hapa? Mafuta yanaituliza ngozi. Ujana hayaurudishi, wala hayakuahidi."

Ngozi ilitulia kweli. Mabaka yalififia, mashavu yakarudi laini, na shingo ikaanza kung'aa kama zamani. Wanawake waliokuja kumpa pole walitoka na chupa za soda zimejaa mafuta. Wiki zilivyosogea wakawa wanapita mlango wa uani moja kwa moja, wengi wao wakiwa na mashavu yaliyochubuka, na mbele dukani makopo yakaanza kushika vumbi. Mwanahalima aliuza bei ndogo makusudi, na kila chupa iliyotoka aliihesabu kuwa kofi.

Mrisho hakuwa kipofu. Mlango wa nyuma wa duka ulikuwa unatazama uani, na alianza kukosea chenji. Akimwona mkewe amejifunga kanga ya kisutu, mikono inateleza mafuta hadi kwenye viwiko, anasahau mteja aliyemwomba sukari. Lakini naye alikuwa na kisasi chake. Mwanahalima alikisikia kwa masikio yake siku moja alipokuwa akianika chicha chini ya dirisha la duka, Mrisho akizungumza na rafiki yake Deusdedit, fundi redio wa jirani.

"Kama unamtaka, mrudie," Deusdedit alikuwa akisema. "Si umesema ni neno moja tu?"

"Nitamrejea, lakini si leo. Eda ni miezi mitatu. Nitamwacha aive mpaka siku za mwisho, ajue nani mwenye nyumba. Akishaogopa vizuri ndipo nimwonee huruma."

Mwanahalima alishika mdomo kwa kiganja ili asicheke. Miezi mitatu, eti! Alimaliza kuanika chicha yake taratibu, akaingia ndani, na tangu siku hiyo akalala vizuri.

Ilibaki jioni moja tu ya hatari. Mrisho alirudi na kamba wabichi kutoka Nyamisati, kamba wakubwa, kitoweo alichokuwa akimletea walipokuwa hawana kitu. Alisimama mlangoni mwa uani na kikapu mkononi, shati limemlowa jasho, na uso wake ulikuwa uso wa kwenye foleni. "Mwana," alisema, sauti imeshuka. "Mimi nataka kukwambia..."

Moyo wa Mwanahalima ulimwendea. Tusidanganyane, nusu yake ilitaka aseme, yaishe, wakaange kamba. Kisha akajiona amerudi chumbani bila kuulizwa, kama kopo linalorudishwa kwenye rafu, na hasira ikampanda upya.

"Bwana mwenye duka," alisema, "naona kuna mteja mbele. Asije akaondoka, siku hizi wamekuwa adimu."

Mrisho alimeza neno lake, akaweka kikapu chini, akaondoka.

Eda ilipokwisha, Mwanahalima alimwambia Mama Fatu peke yake. Mama Fatu alilia kidogo, akamsaidia kufunga mzigo. Asubuhi yake Mwanahalima alioga, akajipaka, akavaa gauni la kitambaa laini cha buluu na kanga mpya juu, kisha akafanya kitu alichokatazwa tangu uso wake uharibike. Alipita mlango wa nyuma, akatokea dukani.

Lilikuwa limejaa. Basi la Lindi lilikuwa limesimama, abiria wananunua maji na biskuti, Deusdedit ameegemea kaunta. Mrisho alimwona kwanza kwenye kioo, halafu akageuka, akaona amependeza, akaona ametoka mwenyewe mbele za watu, akadhani amekuja kuomba. Alijinyoosha na kukaza mkanda wa saa yake.

"Haya, Mwana," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Naona umejifunza. Miezi mitatu haijafika, lakini mimi si katili. Nimekurejea."

"Umechelewa, Mrisho. Eda yangu imeisha."

"Imeishaje? Bado wiki tatu nzima."

"Kwangu mimi ni twahara tatu, vipindi vya usafi baina ya hedhi, na zimetimia. Mwenye kuzijua ni mimi, na shekhe yeyote atakwambia neno langu linatosha." Mwanahalima aliweka funguo za nyumba juu ya kaunta. "Miezi mitatu ni eda ya mwanamke aliyekoma hedhi. Ulinihesabia eda ya kikongwe."

Mwanamke mmoja aliyekuwa akichagua sabuni alicheka kwanza, kisha duka zima.  Mwanahalima alichukua mzigo wake, akapanda gari la Mtawanya, na njia nzima alijisikia mwepesi. Machozi yalimtoka baadaye, alipofika kwa kaka yake.

Shekhe alimthibitishia Mrisho kila neno. Sasa alikuwa mposaji kama waposaji wengine, na wengine walikuwepo. Mwalimu mmoja aliyefiwa na mkewe alituma ujumbe, na mwenye mashine ya kusaga alikuja mwenyewe na kanzu iliyopigwa pasi. Mrisho alienda Mtawanya, akawekwa kibarazani na kaka mtu tangu asubuhi, akaambiwa mwenyewe hayupo, huku anamsikia anatwanga uani. Alirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata. Mara ya nne Mwanahalima alitoka, akakaa upande wa pili wa mkeka, mikono bado ina unga wa ufuta.

"Nimeyachoma yale makopo," Mrisho alisema.

"Makopo yalikuwa yako. Uso ulikuwa wangu."

"Najua." Alikuwa amekonda, na saa haikuwepo mkononi. "Mwana, nisikilize. Uso wako ulipoharibika, kila nilipokutazama nilikuwa naona mkono wangu unakupa kopo. Sikuweza kuvumilia. Nikaona bora usiwe mbele yangu."

"Ukaona bora niachike mimi kuliko kopo."

"Ndiyo," alisema, na hakujitetea zaidi. "Nakuomba radhi. Nakuposa upya, mahari taja wewe. Nimekukosa mpaka napita kwa wauza ufuta nasimama tu."

Mwanahalima alijipangusa unga wa ufuta mikononi. Alimpenda, na kumpenda huko kulimuudhi. Mwalimu alikuwa mtu mpole, angemtunza, lakini mwalimu hakuwa na deni lolote kwake, na yeye hakuwa tayari kusamehe deni la Mrisho. Kupitia kaka yake aliomba mahari ya kawaida. Kwa Mrisho alikuwa na sharti.

"Tukishafunga ndoa, utatamka mbele ya shekhe na mashahidi. Siku ukiniambia nimezeeka, kwa hasira au kwa utani, nimeachika talaka zote mbili zilizobaki. Hakuna eda ya kukuokoa wala rejea."

Mrisho alitabasamu. "Hata ukifika miaka themanini?"

"Hasa nikifika themanini. Nataka kuzeeka nyumbani kwako, Mrisho. Nizeeke kabisa, meno yang'oke, mgongo uiname. Na wewe unitazame kila siku na ukae kimya."

Tabasamu lilimwisha taratibu, maana aliona mwenzake hatanii. Aliutazama ule uso, mabaka yamekwisha, mistari miwili ya macho bado ipo pale pale. Alisema amekubali.

Ndoa ilifungwa barazani kwa kaka mtu baada ya sala ya Ijumaa. Shekhe alipomaliza, alimwuliza Mrisho kama anaelewa uzito wa anachotaka kutamka, na Mrisho akasema anaelewa, akatamka sharti lote neno kwa neno. Mama Fatu, aliyekuwa nyuma ya pazia na wanawake, alisema hakusikia vizuri. Mrisho akatamka tena, kwa sauti ya juu zaidi, na Deusdedit akainamisha kichwa kuficha kicheko.

Ndani, Mwanahalima alisikia mara zote mbili. Alifurahi, na hasira ilikuwa bado ipo, angeondoka nayo kurudi Kibiti. Wifi yake alimletea kioo ajitazame kabla ya kutolewa nje kwa mumewe. Alijitazama mbele na pembeni, na juu ya sikio akaona unywele mmoja wa mvi. Wifi akanyoosha mkono kuung'oa. Mwanahalima akamzuia, akauvuta kwa vidole vyenye mafuta, akaulaza mbele kwenye paji la uso, mahali ambapo Mrisho asingeweza kutouona.