Kamera Zilizopewa Majina ya Marehemu

Kamera ilikuwa imefunguliwa mezani, haina waya wala betri, lakini ilipoitwa ikaitika. "Nipo," kioo cha kompyuta kikaandika.

Koplo Verediana alikitazama tu. Jeshi lilipopewa kazi ya kulinda kamera na taa za mtandao za mji wa Iringa, lilikuja na shaka zake: kila kifaa ni adui, hata taa ya barabarani, mpaka kiitwe asubuhi na kuitika. Namba zilimshinda kukariri, basi akavipa majina ya marehemu wa ukoo wao, kama Wahehe wanavyowarithisha watoto. Hiyo ya mezani ilikuwa Lea, mama mzazi wa mama yake. Marehemu walipomwishia, kamera iliyobaki akaiita Anjela, jina la binti yake aliye hai, anayelelewa na bibi yake kijijini Kalenga. Akili ilikuwa imelala wapi, hata yeye hajui.

Chumba kikaanza kunuka pombe ya ulanzi iliyochacha na udongo mbichi. Spika zikawa zinakohoa kizee. Kisha asubuhi moja, kabla hajaita yeyote, vifaa vyote vikasalimia, "Kamwene," kwa sauti za watu aliowazika mwenyewe, wengine wakiulizia mashamba, wengine wakilalamikia baridi, na katikati yao sauti ndogo ikasema inataka kurudi nyumbani, naye akaijua kuwa ni ya Anjela.

Akampigia mama yake kule Kalenga, akanong'ona yote.

"Umewaita, Vere, wameitika," mama alisema kwa woga. "Na mtoto umemchanganya nao? Wafute. Ila mtoto kwanza aitike kwa kinywa chake. Asipoitika, usiguse kitu."

"Mpe simu."

Alimsikia mtu akitafuna.

"Anjela?"

"Anjela yuko huko kwako," mtoto akajibu. "Mimi Lea."

Nyuma ya Verediana, Kapteni Rabson, mkuu wa zamu, alikuwa ameinamia kompyuta, pua ameiziba. "Tumeingiliwa, koplo. Kifaa kinachotiliwa shaka kinafutwa, utaratibu unaujua."

"Afande, naomba usubiri kidogo..."

"Nimeshafuta vyote."

Sauti zikanyamaza, ile ndogo ikiwa ya mwisho. Harufu ikaisha. Simu ilikuwa bado sikioni, na kule Kalenga mtoto alikuwa akimwambia bibi yake, taratibu, "Mwanangu, niongezee ugali."