Simu Zilizohesabiwa Wakati wa Chai

Siku ile mjinga alikuwa Chiriku, na mwenyewe hakatai. Msichana huyu wa miaka kumi na miwili alikuwa akiandamana na shangazi yake, fundi wa mitandao, kila asubuhi ya likizo. Wiki ile walikuwa katika ofisi ya kliniki, kufunga simu mpya zinazopitisha sauti kwenye intaneti.

"Kila simu inayoongea hula kama kilobiti mia moja za intaneti kwa sekunde," shangazi alimweleza. "Nikijua simu ngapi huongea kwa pamoja, nitajua nizitengee njia pana kiasi gani. Kaa hapa tangu saa mbili hadi saa saba. Kila dakika kumi, andika idadi."

Chiriku akaitikia kwa kichwa kama msomi, kisha akaenda kucheza drafti na mlinzi getini. Aliporudi ilikuwa saa nne, wafanyakazi wengi wameenda kunywa chai. Wawili tu walikuwa kwenye simu. Akaandika mbili. Kalamu ikanogewa: mbili, mbili, mbili, mpaka chini ya karatasi.

Shangazi aliiamini karatasi ile. Akatenga njia ya simu nne, ili pawe na nafasi ya ziada.

Jumatatu saa tatu, wagonjwa wakapiga kwa wingi. Sauti zikakatikakatika.

"Mtoto ana nini? Rudia, mama," mpokezi alisema mara ya tatu, kidole sikioni. "Homa au kikohozi?"

Meneja akatoka ofisini. "Fundi, simu zisiponyooka kufikia kesho jioni, namwita mwingine."

Shangazi akaingia chini ya meza, akaanza kukagua waya mmoja mmoja. Chiriku alitazama nyayo za shangazi zenye vumbi, akachuchumaa kando ya meza.

"Shangazi, nyaya hazina kosa," alisema. "Nilihesabu mara moja tu. Nyingine nilijaza."

Shangazi akatoka taratibu, utando wa buibui nyweleni. Hakumgombeza. Alimpa karatasi tupu.

Kesho yake Chiriku hakubanduka kitini. Mlinzi alipomwonyesha kete kwa mbali, aligeuza uso. Saa tatu na dakika ishirini alihesabu simu kumi na moja kwa pamoja, akahesabu tena.

"Kumi na moja mara mia ni elfu moja na mia moja," shangazi akasema. "Tuweke elfu moja na mia tano, pawe na akiba."

Alasiri mpokezi alicheka. "Sasa hata mgonjwa akimeza mate namsikia." Meneja akatia saini kazi ile, shangazi akabaki na kibarua chake.

Njiani Chiriku akarudiwa na mdomo wake. "Lakini shangazi, wale wawili niliwaona kweli. Na wewe pia si unakadiria tu?"

"Nakadiria baada ya kutazama," shangazi akajibu. "Wewe ulitazama saa ya chai tu. Fundi cherehani akikupima umekaa, gauni utalivaa ukisimama?"

Chiriku akabeba mkoba wa nyaya mpaka nyumbani.