Jivu la Mpungakioo

Kiwavi alilipanda jani, akaling'ata mara mbili, akateremka na njaa yake. Katika mashamba ya ghorofa ya jiji la Ifakara, viwavi walikuwa wakifa njaa juu ya chakula, na wakubwa walipanda lifti kwenda kupiga nao picha.

Ndiyo kazi ya mpungakioo. Kila mpunga hunyonya silika, yale madini yanayotengeneza kioo, kupitia vilango vidogo vya mizizini, na vilango hivyo huamriwa na jeni. Dakta Agripina Likongo aliishika jeni hiyo akainyima usingizi. Mmea ukainywa silika kama mlevi siku ya mshahara. Majani yakawa makali kama tupa ya kunolea.

Pumba zake zililisha Tanuri Kuu, zikatoa umeme wa kupoza minara ya mashamba hayo. Jivu lililobaki, jeupe na laini, roboti-mgawaji alilipitisha mitaani bure, naye alipokewa kama bwana harusi. Mama wa Ifakara haamini sufuria imetakata mpaka isuguliwe kwa jivu, tena jivu lililochekechwa, chenga zisije zikaikwaruza.

Mchekechaji wa mtaa mzima alikuwa Stamili, wifi yake Agripina, mwanamke aliyeweza kukutania kutoka asubuhi hadi jioni asirudie neno. Siku hizi alikatikiwa na pumzi katikati ya utani. Agripina alimpeleka kupigwa picha ya mapafu, ikaonyesha makovu, kisha akarudi maabara na kikombe cha jivu, akapima, akakaa chini.

Pumba mbichi alikuwa amezipima mwenyewe, zikawa salama. Jivu hakulipima, nani hupima jivu? Moto mkali wa tanuri ulikuwa umeigeuza silika kuwa fuwele, ncha ndogo zisizoonekana kwa macho, na zikishaingia pafuni hazina pa kutokea.

Alipanda mnarani kwa Mkurugenzi wa tanuri, Fulgensi Mpangile, akamwomba mambo mawili: moto upunguzwe, na jivu lisigawiwe tena. Mkurugenzi alimsikiliza kwa upole wa mtu anayesubiri chai. Moto ukipungua, alisema, umeme utapungua na minara itakosa ubaridi. Na jivu likizuiwa, watu watauliza kwa nini. Na wale wanawake wa sufuria, akaongeza, wanakohoa kwa sababu wamezoea kukohoa.

Agripina alishuka, akamweleza wifi yake kila kitu, na kosa lake mwenyewe humo humo. Stamili aliivuta karibu ndoo yake ya jivu lililochekechwa.

"Kwa hiyo sufuria zangu ndizo zenye afya," alisema. "Nifungie hiyo ndoo, wifi. Ikaze vizuri."

Walipanda minarani na akina mama wa mtaa nyuma yao. Roboti wa mlangoni aliwauliza miadi. Wakampita kama wanavyopita dimbwi. Mkurugenzi aliwakaribisha kwa tabasamu, akawahakikishia kwamba jivu la tanuri lake hata mtoto mchanga angeweza kulilamba.

Stamili hakubishana. Aliiweka ndoo juu ya meza ya Mkurugenzi, katikati ya karatasi, akashika kifuniko kwa mikono miwili kama mtu anayetaka kukifungua.

Mkono wa Mkurugenzi ulikuwa umeshaingia kwenye droo. Ukatoka na barakoa nene ya mpira, yenye vichujio viwili na mikanda iliyokwisha kulegea kwa kuvaliwa, na kabla mtu hajapepesa macho ilikuwa imeshamkaa usoni.

Kifuniko kilikuwa hakijafunguliwa bado.

Agripina alikuwa amekuja na hotuba nzima kichwani, jeni, fuwele na digrii za joto. Akaiacha huko huko. Stamili aliondoa mikono kwenye ndoo, akavuta pumzi, ikamgomea, akavuta nyingine, na wote wakamsubiri.

"Hiyo," alisema, akiionyesha barakoa kwa kidole, "ulianza kuivaa lini, mheshimiwa?"